Nguzo za Kuchora Zinazofanana na Mabomba

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi rangi, nafanya kazi Ngamiani, Tanga. Nimepewa kazi ya kupamba ukumbi wa sherehe. Mwenye ukumbi alinionyesha kwenye simu picha za majumba ya Ulaya, akataka ukuta mmoja uwe na nguzo za kuchora zinazoonekana kana kwamba zimejengwa, na anazitaka zenye majani kichwani. Ukuta una urefu wa mita 14 na kimo cha mita 3.6, na madirisha yako upande wa kushoto. Nimechora nguzo nane, kila moja ina upana wa sentimita 20 kutoka sakafuni hadi darini, na katikati nimechora ujia mrefu unaoingia ndani. Nimetumia rangi ya mafuta ili ing'ae. Kazi ni safi, mistari imenyooka, lakini mwenye ukumbi anasema nguzo zangu ni mabomba ya maji, na nikisimama mbali naona anasema kweli. Kosa liko wapi? Ninunue mapambo ya jipsamu nibandike? Anataka pia marumaru ya kuchora, na baadaye nguzo za namna hii nje, mbele ya jengo.

Jibu: Marahaba, ndugu fundi. Nimezitazama kwa makini picha mbili ulizoziambatanisha, na neno la kwanza ninalotaka ulisikie ni kwamba mkono wako ni mzuri. Mistari yako imepigwa kwa timazi, kingo hazikuvuja, na rangi imelala vizuri. Mchoro wa kudanganya jicho, hata hivyo, haufanikiwi kwa usafi wa mstari wala kwa wingi wa urembo. Hufanikiwa pale jicho linapokuta kwamba kitu kilichochorwa kinatii mambo yaleyale ambayo kitu halisi kingeyatii mahali palepale, yaani uzito wake chenyewe na mwanga wa chumba kile. Nguzo zako hazibebi kitu, na mwanga wake hautoki katika madirisha ya ukumbi wako. Mengine yote uliyoniuliza yanatokana na mawili hayo.

Nianze na uzito. Nguzo yenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 360 ina kimo cha mara 18 ya upana wake. Mwaka 1562 msanifu wa Italia, Giacomo Barozzi da Vignola, alichapisha vipimo vya mitindo mitano ya nguzo za kale kwa namna ambayo fundi wa kawaida angeweza kuvitumia bila hesabu ngumu, na vipimo hivyo vimefuatwa tangu wakati huo hadi leo. Nguzo ya Kitoskana ina kimo cha mara 7 ya kipenyo chake cha chini, ya Kidoriki mara 8, ya Kiioniki mara 9, na ya Kikorintho, ile yenye kichwa cha majani anayoitaka mteja wako, mara 10, sawa na ya tano inayochanganya urembo wa hizo mbili za mwisho. (Ndiyo, ni Korintho ileile ya nyaraka za Paulo.) Hakuna hata moja inayozidi 10, na yako ni 18. Kitu chembamba na kirefu kiasi hicho, chenye unene mmoja toka chini hadi juu, jicho lina jina lake tayari, na mwenye ukumbi alilitamka.

Kosa la pili la uzito ni kwamba nguzo zako zinagusa dari moja kwa moja. Nguzo ya kale haikusimama ili kujaza ukuta. Ilisimama chini ya boriti. Juu yake kuna boriti yenye tabaka tatu: tabaka la chini linalolala juu ya vichwa vya nguzo, kisha ukanda wa kati ambao mara nyingi hupambwa, kisha kornisi, yaani mkanda wa juu unaotokeza mbele ili maji ya mvua yasiteremke ukutani. Kwa Vignola boriti hiyo, pamoja na tabaka zake zote, ni robo ya kimo cha nguzo. Maana yake ni kwamba ukiugawa ukuta wako sehemu tano sawa, moja ni ya boriti na nne ni za nguzo. Mita 3.6 inagawanyika vizuri mno: boriti sentimita 72, nguzo sentimita 288. Kama nguzo ni ya Kidoriki, gawa 288 kwa 8, unapata kipenyo cha sentimita 36. Kitako chake kina kimo cha nusu kipenyo, sentimita 18; kichwa vilevile sentimita 18; shina lililobaki ni sentimita 252. Katika boriti, tabaka la chini lipe sentimita 18, ukanda wa kati 27, kornisi 27.

Shina lenyewe lisiwe na unene mmoja. Theluthi ya chini, sentimita 84, iache wima. Kuanzia hapo lipungue polepole kwa mpindo mwepesi sana, hadi juu kabisa libaki sehemu tano katika sita za unene wa chini, yaani sentimita 30. Usipunguze kwa rula kama unavyochora mteremko wa paa. Chukua ubao mwembamba unaokunjika, ushikilie kwa misumari mitatu, uukunje kidogo, kisha ufuate ukingo wake kwa penseli. Mpindo huo ni mdogo kiasi kwamba mgeni hatauona, lakini ukikosekana ataona kwamba nguzo imekufa.

Sasa nataka ukae nami kidogo kwenye ukanda wa kati, kwa sababu hapo ndipo urembo wa kale unapoeleweka kwa mtu wa pwani kuliko kwa watu wengi. Ukanda wa Kidoriki una vibao vilivyosimama, kila kimoja kina mifuo ya wima, na kati ya kibao na kibao kuna nafasi ya mraba. Vitruvius, msanifu wa Roma aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anaeleza kwamba vibao hivyo vinatokana na vichwa vya boriti za mbao, vilivyokatwa usawa na ukuta na kufunikwa kwa vipande vya ubao ili visionekane vibaya. Baadaye mafundi walipoanza kujenga kwa mawe, walichonga katika jiwe kile kilichokuwa mbao. Ukiingia katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ukainua macho, utaziona boriti za mikoko zimepangwa kwa nafasi sawa, kichwa cha kila moja kimeingia ukutani. Fikiria vichwa hivyo vinatokea upande wa pili wa ukuta, na umeuelewa ukanda wa Kidoriki. Ndiyo maana huwezi kuweka kibao popote unapopenda. Kimoja lazima kiwe juu ya katikati ya kila nguzo, kwa kuwa boriti huwekwa pale penye cha kuibeba.

Kwa vipimo vyako kibao kina upana wa sentimita 18 na mraba wa sentimita 27, hivyo kutoka katikati ya kibao hadi katikati ya kingine ni sentimita 45, na nafasi kati ya nguzo lazima igawanyike kwa 45. Mimi ningechukua sentimita 135 kutoka katikati ya nguzo hadi katikati ya jirani yake. Ukuta wako utachukua nguzo kumi badala ya nane, na kila mwisho utabaki na kiasi cha sentimita 74 za ukuta mtupu, ambazo ni pumziko zuri kwa jicho. Nafasi uliyoiacha sasa ni pana mno. Vitruvius mwenyewe alionya kwamba nguzo zikitawanyika sana haziwezi kuwekewa boriti ya jiwe, kwa sababu jiwe litakatika katikati, na jicho linalijua hilo hata kama mwenye jicho hajawahi kulisoma popote. Huyo huyo aliwalalamikia wachoraji wa zama zake waliokuwa wakichora matete mahali pa nguzo na vinara vyembamba vinavyobeba majengo, mambo ambayo hayapo na hayawezi kuwapo. Kuna walioona alikuwa mkali kupita kiasi, kwani michoro ya namna hiyo ina uzuri wake. Kwa kazi yako, ambayo mteja anataka iaminike, alisema kweli tupu.

Kuhusu majani ya Kikorintho, jaribu kumshawishi mwenye ukumbi. Kichwa cha majani ya akantho kinahitaji kimo kinachozidi kipenyo kimoja, kina safu mbili za majani yaliyopinda na mikunjo ya pembeni, na kila jani lina vivuli vyake. Katika ukumbi wa kimo cha mita 3.6, na kwa mtu anayeanza, vichwa kumi vya namna hiyo vitachukua muda wote na bado vitakuwa dhaifu. Kichwa cha Kidoriki ni mkanda mmoja wa mviringo na bamba la mraba juu yake. Kikipigwa kivuli sawasawa kitasimama ukutani mithili ya jiwe.

Naja kwenye mwanga, na hapa nitakueleza jambo lililonipata mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilichora kornisi na vidaka vya kuigiza katika sebule ya nyumba moja ya zamani Bagamoyo. Nilikuwa nimefanya michoro yangu mezani, nikipiga mwanga kutoka juu kushoto kama vielelezo vingi vinavyofanya, nikaihamishia ukutani vilevile. Nilifanya kazi wiki tatu. Siku ya kumaliza, bibi mwenye nyumba aliletewa kiti, akakaa kimya akiutazama ukuta, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona vivuli vinakimbilia dirishani?" Dirisha la sebule ile lilikuwa kulia. Mwanga wa kweli ulikuwa ukiingia kutoka baharini upande wa kulia, na vivuli vyangu vyote vilianguka kulia, kuelekea kule mwanga unakotoka. Bibi yule hakuwahi kusomea uchoraji, na hakuhitaji kusomea. Nilifuta kazi yote nikaanza upya. Tangu siku hiyo sijapiga mstari kabla ya kukaa ndani ya chumba asubuhi, adhuhuri na usiku nikitazama vivuli vinavyoanguka humo.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo zamani. Cennino Cennini, mchoraji wa Toscana nchini Italia aliyeandika mwongozo wa kazi karibu mwaka 1400, anamwagiza mchoraji aufuate mwanga wa dirisha kubwa la mahali anapofanyia kazi. Katika picha zako, nguzo tatu za kushoto zina weupe upande wa kulia, mbili zina weupe katikati, na zilizobaki zina weupe upande wa kushoto. Nadhani umezitoa katika picha tofauti za simu. Kila picha ilikuja na jua lake.

Madirisha yako yako kushoto ukiutazama ukuta, na usiku, wakati sherehe nyingi zinapofanyika, taa ziko darini. Chagua basi mwanga mmoja unaotoka juu kushoto, kwa mshazari wa digrii 45. Mchana utapatana na madirisha, usiku utapatana na taa kwa kiasi cha kutosha. Faida kubwa ya digrii 45 ni kwamba hesabu inakuwa nyepesi: kitu kinachotokeza sentimita kadhaa kutoka ukutani kinaangusha kivuli cha sentimita hizohizo kwenda chini. Kornisi ya Vignola ingetokeza sentimita 36, lakini katika ukumbi wenye dari ya chini mimi huipunguza hadi 20, kwa hiyo kivuli chake kitafunika sentimita 20 za ukanda wa kati na kuacha 7 za chini zikiwa katika mwanga. Uso wa boriti unasimama sentimita 15 mbele ya ukuta, sawa na nusu ya unene wa juu wa nguzo, hivyo chini ya boriti, ukutani kati ya nguzo na nguzo, uwepo ukanda wa kivuli wa sentimita 15. Nusu nguzo yenye kipenyo cha sentimita 36 inaangusha kivuli ukutani upande wake wa kulia, kinachozidi ukingo wa shina kwa takriban sentimita 7 na nusu. Katika picha zako sikuona hata kivuli kimoja kilichoanguka. Umetia giza juu ya nguzo zenyewe, ukaacha ukuta wa nyuma ukiwa mweupe kama hakuna kitu kilichosimama mbele yake. Kivuli kinachoanguka ukutani ndicho kinachoibandua nguzo kutoka ukutani. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja ningekirekebisha kama ningekuwa na siku moja tu, ni hicho.

Sasa kuhusu uviringo. Mteja ameziita nguzo zako mabomba, basi tumtumie bomba lenyewe kama mwalimu. Nunua kipande cha bomba la plastiki la inchi nne chenye urefu wa mita moja, likwaruze kwa msasa, lipake rangi nyeupe isiyong'aa, kisha lisimamishe likiwa limegusa ukuta ule unaoupamba, saa nne asubuhi. Zima taa. Kaa mita tano kutoka hapo na ulitazame bila haraka. Utaona kwamba sehemu nyeupe kuliko zote haiko kwenye ukingo wa kushoto. Iko ndani kidogo, karibu robo ya upana. Ukingo wenyewe wa kushoto una giza jepesi. Ukihamisha macho kwenda kulia, weupe unafifia taratibu, na giza linafika kilele kabla ya ukingo wa kulia, pengine kwenye robo ya mwisho. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, ukingo wa kulia unarudi kuwa na nuru hafifu, kwa sababu ukuta mweupe ulio nyuma unarudisha mwanga kidogo juu ya bomba. Wewe, katika zile nguzo mbili zenye weupe katikati, umetia mstari mweusi kila ukingo. Hakuna mwanga wowote duniani unaofanya hivyo isipokuwa mtu amesimama mbele na tochi.

Ukimaliza kulitazama bomba, chukua bakuli au sufuria ya mviringo. Inue juu ya kichwa chako: ukingo wake wa mbele unapinda kama upinde, katikati ukiwa juu. Iteremshe hadi kiunoni: sasa unapinda kuelekea chini. Ikiwa sawasawa na macho, ukingo ni mstari ulionyooka. Mikanda ya kichwa cha nguzo iko juu ya macho ya mgeni, mikanda ya kitako iko chini, na wewe umeichora yote kwa rula. Ipinde, kidogo tu, na mpindo uongezeke kadiri mkanda unavyokuwa mbali na usawa wa macho.

Kwa kuchanganya rangi, ninakushauri ufanye kazi kwa rangi moja katika ngazi tano. Giotto, mchoraji wa Italia, alipochora kanisa dogo la Scrovegni mjini Padova karibu mwaka 1305, alipanga chini ya kuta sanamu za maadili mema na maovu zilizoonekana kama zimechongwa katika jiwe, na kwa sanamu hizo alitumia kijivu na weupe karibu peke yake. Jiwe halihitaji rangi nyingi. Changanya ngazi ya kati, iliyo rangi ya jiwe. Kisha mbili nyepesi kuliko hiyo na mbili nzito. Zile nzito usizipate kwa kutia nyeusi, kwa sababu nyeusi huua kivuli, ikakifanya kionekane kama doa la masizi. Tumia kahawia ya udongo na tone la buluu. Kivuli kinachoanguka kipake mwishoni, kwa rangi ya maji iliyozimuliwa sana, ili kilicho chini yake kiendelee kuonekana: vibao vya ukanda wa kati lazima visomeke hata ndani ya kivuli cha kornisi. Ukingo wa kivuli uwe mkali karibu na kitu kinachokiangusha, na ulainike kadiri unavyokwenda mbali.

Kuhusu rangi ya mafuta, ndugu yangu, iondoe. Ukuta unaong'aa unaakisi madirisha na taa, na mng'ao mmoja unaopita juu ya nguzo tatu unamwambia kila mtu kwamba hapa pana ukuta bapa uliopakwa rangi. Uso wa mchoro huu lazima ufifie kabisa, usionekane kuwapo. Kwaruza kwa msasa hadi mng'ao uishe, paka praima, kisha rangi ya maji isiyong'aa mikono miwili. Nadhani ukumbi wako ni wa tofali za saruji. Kama siku moja utapewa nyumba ya matumbawe na chokaa, usiifunge kabisa kwa rangi ya mafuta, kwa maana unyevu na chumvi vilivyo ndani ya ukuta vitatafuta njia ya kutoka na vitabambua kazi yako.

Ule ujia unaoingia ndani nao uondoe. Najua umeutolea jasho. Mchoro wenye kina kirefu una mahali pamoja tu pa kuutazama. Masaccio, mchoraji mwingine wa Italia, alichora mjini Firenze, karibu mwaka 1427, katika kanisa la Santa Maria Novella, dari refu la tao lenye nguzo za Kiioniki na nguzo bapa za Kikorintho, kwenye ukuta bapa wenye upana wa takriban mita 3. Alama za nyuzi alizozivuta ili kuipata mistari bado zimo katika lipu, na mistari yote inakutana karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama mbele yake. Andrea Pozzo, bruda wa Wajesuiti, alimaliza mwaka 1694 dari ya kanisa la Sant'Ignazio mjini Roma, ambako nguzo za kuchora zinaendelea kupanda juu ya zile za kweli hadi mbinguni. Sakafuni kuna kipande cha duara cha marumaru kinachoonyesha mahali pa kusimama. Ukisimama hapo unaamini. Ukitembea mbali, nguzo zile zinaanza kulala ubavu. Wageni wa harusi hawawezi kupangwa wote juu ya duara moja. Wanakaa, wanacheza, wanapita na sahani. Ukuta utakaotazamwa kutoka kila upande upewe kina kifupi, nusu nguzo zilizoshikamana na ukuta na kornisi yake, kwani kadiri kina kinavyokuwa kifupi ndivyo uongo unavyostahimili mtazamaji kutembea. Kama mwenye ukumbi hawezi kuishi bila ujia, uchore kwenye ukuta unaoelekeana na mlango mkuu, na usawa wa macho uupige sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa ajili ya mtu anayeingia.

Marumaru ya kuchora ni kazi ya mwisho, na nitaigusa kwa ufupi. Kwetu neno hili linabeba jiwe lenyewe na pia vigae vya sakafuni, kwa hiyo muulize mteja anataka lipi. Kama ni jiwe, mishipa ichorwe kabla ya vivuli, halafu vivuli vipakwe juu yake. Ukifanya kinyume, mishipa itaelea juu ya nguzo kama nyuzi zilizomwagika. Chora marumaru kwenye mashina tu. Boriti iache iwe ya jiwe la kawaida.

Jipsamu siikatai. Kornisi halisi ya jipsamu pale ukuta unapokutana na dari ni msaada, maana inaangusha kivuli cha kweli ambacho michoro yako ya chini inaweza kukiendeleza. Usichanganye jipsamu na mchoro mahali mkono wa mgeni unapofika, kwa mfano kitako cha jipsamu chini ya shina la kuchora. Mtoto mmoja atakigusa, na ukumbi mzima utajua.

Kuhusu nje ya jengo, jibu langu ni hapana, na sababu yake iko angani. Katika mji wa Genova, kaskazini mwa Italia, kuna nyumba nyingi ambazo nguzo, fremu za madirisha na kornisi za mbele zimechorwa tu, na zinaaminika. Lakini kule jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo ukuta unajua upande wa jua lake. Tanga iko digrii 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini. Katikati ya mwaka linakaa kaskazini, na mwezi Desemba linakaa kusini. Ukuta wa mbele unaoelekea kaskazini utaoga jua mwezi Juni na kukaa kivulini mwezi Desemba, huku kivuli ulichokichora kikibaki palepale. Nje, weka mikanda halisi ya lipu, hata yenye kutokeza sentimita 6 tu, na liachie jua lichore lenyewe. Tembea saa nne asubuhi katika mitaa ya katikati ya mji, penye majengo ya enzi ya Wajerumani na Waingereza, utazame jinsi mkanda mwembamba wa lipu unavyoangusha mstari wa kivuli. Na ukipata nafasi, nenda kwenye magofu ya Tongoni, ukae karibu na makaburi yenye nguzo. Nguzo zile hazikuwekwa zibebe boriti, zimesimama kama alama ya heshima kwa waliolala, na mafundi wake walichimba paneli zisizo na kina kirefu ambazo jua huzijaza na kuzimwaga kutwa nzima.

Ukirudi ukumbini, usianze na ukuta wote. Chukua nguzo mbili tu na boriti yake, zile zilizo karibu na madirisha, uzimalize hadi kivuli cha mwisho. Kisha subiri usiku, washa taa kama zinavyowashwa siku ya harusi, na ukae kwenye kiti cha mgeni, mahali atakapokaa. Kivuli kitakachoonekana kizito mno wakati huo, kipunguze kesho yake. Nane zilizobaki zifuate zile mbili.